Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Bohari ya Dawa: Shanga tunazoviringisha kwa mkono

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa (MSD),
Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)

YAH: VIJAZIO VYA MIFUPA VYENYE UWEZO WA KUUA BAKTERIA

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, au thieta kama tunavyosema sote, katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Nina miaka 19 kazini, na 14 kati ya hiyo nimeitumikia mifupa. Hospitali siitaji, kwa kuwa ukienda ya jirani utakuta mambo yale yale. Barua hii nimeiweka wazi kwa sababu zile za kupitia ngazi nimeshaandika mara mbili, na barua inayopita meza saba hufika imechoka.

Nianzie mezani kwangu.

Mara kwa mara daktari wetu wa mifupa akishamaliza kukwangua mfupa uliooza husema, "Sista, tutengeneze shanga." Hapo nafungua pakiti ya simenti ya mifupa. Ndani mna unga mweupe na kichupa cha maji yenye harufu kali, ile ile inayokupokea mlangoni mwa saluni za kucha za kubandika. Wala si kufanana tu, ni kemikali za ukoo mmoja. Tunaumwaga unga kwenye bakuli, tunachanganya na unga wa antibiotiki iitwayo vankomaisini kutoka kwenye vichupa vya sindano, tunatia yale maji, tunakoroga. Halafu ni mbio. Dakika chache tu unga unakuwa kama ugali wa moto unaoshika, na kabla haujakauka tunaviringisha vidonge vya ukubwa wa njugu mawe, mmoja mmoja, tunavitunga kwenye waya. Simenti inavyokauka hupata moto, nausikia kupitia glavu mbili. Moto huo ndio unaoamua ni dawa gani tuchanganye, maana antibiotiki nyingi hazistahimili. Gentamaisini na vankomaisini hustahimili. Gentamaisini ya sindano tuliyonayo ni ya maji, na maji huharibu simenti, kwa hiyo kwetu hubaki vankomaisini.

Tukimaliza nazihesabu kwa sauti. Ishirini na mbili. Naandika ubaoni, naandika kwenye faili, daktari anarudia. Zinaingia kwenye shimo la mfupa kama mtu anavyoficha kipochi chini ya godoro. Tunazihesabu kwa sababu lazima zote zitoke.

Mheshimiwa, kazi hii ya kuviringisha shanga siidharau. Wajerumani waliianza miaka ya 1970, na imeokoa miguu mingi, hata hapa kwetu. Ila leo tunaifanya kwa kukosa kingine, na hicho kingine kipo, kinatumika kwingineko, kina miaka mingi. Ndicho nilichokuja kukiombea.

Kwanza mnielewe tatizo lenyewe, kwa kuwa nimeona hata baadhi ya wakubwa wakidhani mfupa wenye usaha ni suala la mgonjwa kumeza dozi akamaliza. Kijana wa bodaboda anagongwa, mfupa wa muundi unavunjika na kutoboa ngozi. Mfupa unaingia kwenye vumbi, mafuta, kinyesi cha ng'ombe barabarani. Muundi mbele hauna nyama, una ngozi tu, mguse mtoto wako utaona. Kipande cha mfupa kikivuliwa ngozi na mishipa ya damu kinakufa. Bakteria, hasa yule tunayemwita stafilokokasi, anashika kwenye mfupa mfu au kwenye chuma tulichoweka, anajijengea utando. Sisi wa ziwani utando huo tunaujua: nenda kanyage mawe ya ufukweni asubuhi uone unavyoteleza. Mwagia maji ndoo kumi, utelezi uko pale pale. Lazima usugue.

Sasa antibiotiki ya mshipani inasafiri kwa damu, na kwenye mfupa mfu damu haifiki. Mgonjwa anachomwa sindano wiki sita, figo zinachoka, homa inashuka, usaha unakauka, sote tunafurahi. Baada ya miezi mitatu kile kitundu kinafumuka tena pale pale. Wazee walishakipa jina zamani, kidonda ndugu, kwa kuwa hakikuachi.

Ndiyo maana daktari hulazimika kukwangua mfupa wote uliokufa hadi uone damu ikichuruzika kwenye mfupa mzima. Akishafanya hivyo linabaki shimo. Shimo tupu hujaa damu, na damu iliyotuama ni chakula cha bakteria wachache waliosalia. Shimo linahitaji kujazwa, na kinachojaza kiwe na dawa ndani yake, dawa nyingi kuliko mshipa unavyoweza kubeba, pale pale ilipo vita. Hiyo ndiyo kazi ya shanga.

Tatizo la shanga ni kwamba haziyeyuki. Dawa yake hutoka kwa wingi siku za mwanzo, kisha hutoka kidogo kidogo, halafu haitoshi kuua chochote. Kuanzia hapo shanga ni kitu kigeni mwilini kama chuma kingine chochote, na bakteria anaweza kujenga utando juu yake. Kwa hiyo mgonjwa anarudi thieta kutolewa shanga: ganzi ya mgongo tena, kitanda tena, gharama tena. Na zikitolewa, shimo liko vile vile, kwa sababu simenti haikuwahi kuwa mfupa wala haikuusaidia mfupa kuota. Linahitaji kujazwa upya, mara nyingi kwa kukwangua mfupa wa nyonga yake mwenyewe.

Yupo kijana mmoja, simtaji jina wala kijiji. Alikuwa akiendesha bodaboda ya mkataba, haijafika nusu ya marejesho. Alifungwa antena, vile vyuma vya nje, na baadaye mfupa ukaoza. Tukamwekea shanga 22. Nilimwambia mwenyewe, pamoja na mama yake, warudi baada ya wiki sita. Yule mama aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sista, hayo mnayomwekea ni mifupa ya nini?" Nikamwambia si mifupa, ni kama plastiki. Akatulia. Kumbe wasiwasi wake ulikuwa nguruwe.

Alirudi baada ya mwaka na miezi saba. Nauli, pesa ya upasuaji, kibarua alichopata kwenye dagaa akaogopa kukipoteza; sababu zote za kweli. Siku hiyo tulitoa shanga 18. Nne zilikuwa zimeshamezwa na mfupa ulioota juu yake, na daktari alichonga kwa patasi na nyundo hadi jasho likamlowesha kofia. Nne zile zilipatikana, nikahesabu mara mbili. Nilipomfungia faili nilijumlisha: thieta mara tano, siku 97 kitandani kwetu ukizikusanya zote. Mguu anao, umepungua urefu, anachechemea.

Sasa niseme juu ya hicho kingine.

Kila mtu hapa nchini anajua hogo. Ukivunjika mkono unafungwa hogo, yaani POP. Unga wa POP ni jasi iliyochomwa, kalsiamu salfeti. Ukiutia maji unapata moto kidogo na kuwa jiwe. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kemikali hiyo hiyo, ikitengenezwa safi kwa ajili ya ndani ya mwili, hujaza shimo la mfupa na kisha mwili huimeng'enya yenyewe. Daktari wa Kijerumani aitwaye Dreesmann aliijaribu mwaka 1892, akajaza mashimo ya mifupa iliyoliwa na kifua kikuu kwa jasi iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu ya enzi hizo. Mwaka 1892! Kabla antibiotiki hazijajulikana.

Siku hizi inakuja kama unga na maji, unachanganya mezani na gentamaisini au vankomaisini, unaimimina kwenye kibao chenye vishimo, unasubiri, unatoa vidonge vidogo vinavyofanana. Haipati moto wa simenti, kwa hiyo uwanja wa dawa unapanuka. Inatoa dawa kwa wiki kadhaa, na inavyotoa dawa inayeyuka. Kufikia miezi michache picha ya eksirei inaonyesha vidonge vimekwisha. Hakuna kurudi thieta kutoa kitu. Yule kijana wa dagaa angebaki na dagaa wake.

Ipo pia iliyochanganywa na haidroksiapataiti, ambayo ndiyo madini yenyewe ya mfupa. Jasi inayeyuka haraka, haidroksiapataiti inabaki kama kichanja ambacho mfupa mpya unapandia. Marekani iliruhusu kijazio cha aina hiyo chenye gentamaisini ndani yake mwaka 2022. Makampuni siyataji, msije mkasema nimetumwa.

Na kuna kioo. Najua ni ajabu kusikia tunataka kuweka kioo kwenye mfupa wa mtu. Mwaka 1967 mwanasayansi Mmarekani, Larry Hench, alikuwa kwenye basi akielekea mkutanoni, akakaa na kanali aliyekuwa ametoka vita vya Vietnam. Kanali akamsimulia askari wanavyokatwa viungo kwa sababu chuma na plastiki mwili unavikataa, akamuuliza kama hawezi kutengeneza kitu ambacho mwili utakikubali. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Florida, Hench na wenzake wakapata kioo cha silika, soda, chokaa na fosforasi ambacho kilishikamana na mfupa wa panya kiasi cha kutobanduka. Wakakiita Bioglass. Wafini, kule Turku, wakatengeneza chao chenye kipimo tofauti, kinajulikana kama S53P4: asilimia 53 silika, 23 oksidi ya sodiamu, 20 ya kalsiamu na 4 ya fosforasi. Hicho ndicho Ulaya wanakitumia kwenye mifupa iliyooza.

Kinachonivutia kwenye bayoglasi, yaani kioo hiki, kama muuguzi niliyeona vimelea sugu vikitushinda, ni kwamba haina antibiotiki hata chembe. Chengachenga zake zikiguswa na maji ya mwili hutoa sodiamu na kalsiamu. Maji yanayozizunguka huwa na magadi na chumvi kupita kiasi ambacho bakteria anakivumilia. Bakteria hukaushwa kama sangara aliyetiwa chumvi tayari kwa safari ya Kongo. Wakati huo huo juu ya kila chenga hujengeka utando wa silika, na juu ya utando huo kalsiamu na fosfati hugandana na kuwa madini kama ya mfupa, seli za mfupa zikaja kukaa. Mwili haukimalizi haraka kama jasi, huchukua miaka, lakini hakuna haja ya kukitoa. Stafilokokasi sugu, wale wasiosikia dawa, nao wamo kati ya vilivyozuiwa maabara.

Serikali hii hii ina Mpango Kazi wa Taifa wa kukabili Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa, UVIDA, wa 2023 hadi 2028. Mabango yake yako ukutani kwetu, yanatuambia tusimpe mgonjwa antibiotiki ovyo. Tunatii. Lakini mgonjwa wa mfupa uliooza anayerudi mara tano ndiye anayekula antibiotiki kali kuliko wote wodini, na kila akirudi anakuja na vimelea vilivyojifunza zaidi. Ukitaka kupunguza dawa zinazomwagwa hospitalini, anza na huyu: mtibu mara moja akapona.

Najua jibu mtakalonipa, nimeshapewa: bei. Na ni kweli, kijazio cha kutosha shimo moja la muundi, ukikiweka mezani karibu na pakiti ya simenti, bei yake inatisha. Mtu wa manunuzi anaangalia mstari wa simenti, anaangalia mstari wa kijazio, anachagua simenti. Simlaumu, ndivyo fomu ilivyochorwa. Ile fomu haina mstari wa thieta ya pili wala ya tatu, wala wa siku 97. Haina mstari wa mama aliyeuza mbuzi. Ofisi ya ustawi wa jamii ikiandika msamaha kwa sababu mgonjwa hana tena cha kuuza, hasara hiyo inaingia kwenye kitabu kingine kabisa, na vitabu hivyo viwili havijawahi kukutanishwa.

Naomba vikutanishwe. Chukueni mafaili ya wagonjwa wa mifupa iliyooza katika hospitali chache, jumlisheni kila kitu tangu siku ya ajali hadi siku kidonda kilipofunga au mguu ulipokatwa, kisha mlinganishe na bei ya kijazio. Mhasibu mmoja na muuguzi mmoja wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Hesabu ikionyesha simenti bado ni nafuu, nitanyamaza na kuendelea kuviringisha.

Hesabu ikisema vinginevyo, naomba MSD inunue kwa pamoja. Hospitali moja ikiagiza boksi moja inauziwa bei ya boksi moja. Vijazio hivi havihitajiki kila kituo cha afya. Vikianza kwenye hospitali kubwa, yaani taasisi ya mifupa ya Muhimbili (MOI), Bugando, KCMC, Mbeya na Dodoma, wagonjwa wetu tutawapeleka huko kwa rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka 2023, na vifurushi vyake bado vinajadiliwa mitaani kila siku. Kijazio kiandikwe humo kwa jina lake. Kisichoandikwa kwa jina, mtu wa dirisha la bima hukikataa, naye ana haki.

Halafu TMDA. Kijazio chenye gentamaisini ni dawa au ni kifaa tiba? Mimi nadhani ni vyote viwili, na hapo ndipo faili linapoweza kukaa katikati ya madawati mawili kila mmoja akisubiri mwenzake. Wekeni utaratibu mmoja wa bidhaa za namna hii na muutangaze, ili anayetaka kusajili ajue aanzie wapi.

Kuna mambo nisiyotaka mnisikie vibaya.

Vijazio hivi si uchawi. Mfupa mfu usipokwanguliwa ukaisha, hata ujaze dhahabu utaoza. Ngozi isipofunika jeraha, hakuna kioo kitakachosaidia, na madaktari wa kuhamisha ngozi na nyama ni wachache kuliko mnavyodhani. Zaidi ya yote, mgonjwa aliyevunjika na kutoboka ngozi akipata antibiotiki mapema na kuoshwa vizuri mapema, wengi wao hawatafika kwenye shanga. Kituo cha kwanza kinachompokea kikimchoma sindano ya kwanza kabla ya kumwandikia rufaa kitakuwa kimefanya kazi kubwa kuliko barua hii nzima. MOI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco walianzisha utafiti hapa hapa nchini wa kuchoma gentamaisini moja kwa moja ndani ya jeraha la muundi uliovunjika. Dawa ya bei ya chini, iliyopo kila mahali, ikipelekwa panapotakiwa. Huo ndio utafiti wa kuwekea fedha.

Tena, asije mtu akasoma hapa kwamba hogo na kijazio ni kemikali moja akachukua POP ya wodini akaitia kwenye mfupa wa mgonjwa. Ile ya bandeji ina gundi na uchafu wa kiwandani, haikutengenezwa kuingia mwilini. Nalisema kwa sababu najua ubunifu wetu ukibanwa na shida.

Na mafunzo, tafadhali, kwa wauguzi wa wodi, yasiachiwe madaktari peke yao. Kijazio cha jasi kinavyoyeyuka hutoa majimaji meupe kwenye kidonda kwa siku au wiki kadhaa. Muuguzi asiyejua akiyaona saa nane za usiku ataandika "usaha" kwenye faili, daktari wa zamu ataanzisha antibiotiki nyingine, na asubuhi mgonjwa atarudishwa thieta kufunguliwa kidonda ambacho kilikuwa kinapona. Nani atamlaumu? Hakuna aliyemwambia.

Maabara pia. Tunachanganya vankomaisini kwenye shanga kwa kubahatisha, kwa kuwa kipande cha mfupa tunachopeleka kuoteshwa vimelea majibu yake huja mgonjwa ameshashonwa, au hayaji kwa sababu vitendanishi vimekwisha. Kununua kijazio cha bei kubwa na kukitia dawa ambayo bakteria wa mgonjwa huyo hawaijali ni kutwanga maji kwenye kinu. Ikibidi mchague kati ya kijazio na vitendanishi vya kuotesha, mwaka wa kwanza nunueni vitendanishi.

COSTECH nimewapa nakala kwa sababu ya kitu kimoja. Jasi inachimbwa Makanya na Itigi, inakwenda kwenye viwanda vya saruji. Minjingu ina fosfati, Ziwa Natron lina magadi. Mifupa ya ng'ombe imerundikana nyuma ya kila machinjio, nayo ukiichoma kwenye tanuri la joto kali hadi kila kilicho hai kiishe, kinachobaki ni haidroksiapataiti. Malighafi tunayo, ila jiwe la Makanya liko mbali sana na unga unaoweza kuingia mwilini. Katikati kuna usafishaji, tanuri, vyumba visivyo na vumbi, vipimo vya sumu za bakteria, majaribio ya wanyama, miaka. Sitaki hotuba ya uzinduzi wa kiwanda. Nimehudhuria mbili, na soda tulikunywa. Ninachoomba ni ruzuku ndogo ya kudumu kwa kundi moja la watafiti, labda pale Taasisi ya Nelson Mandela Arusha au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakae na madaktari wa mifupa miaka kumi bila kuulizwa kila Juni bidhaa iko wapi. Na wakianza, waanze na jasi. Mambo ya kupaka vyuma madini ya fedha, kutia shaba na zinki kwenye kioo, kutumia kaitosani, kemikali itokanayo na maganda ya kamba wa majini, yote yanasomwa duniani na mengine yanaleta matumaini, lakini madini ya fedha yakizidi mwilini ni sumu, na sisi hatujamaliza hata kozi ya kwanza ya matofali.

Wagonjwa nao waambiwe wanachowekewa. Swali la yule mama halikuwa la kijinga. Vipo vijazio vya ng'ombe na vya nguruwe, na vipo visivyotokana na mnyama kabisa, kama hii jasi na kioo. Fomu ya ridhaa iseme wazi, kwa Kiswahili, kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Siku yetu ya mifupa iliyooza ni Alhamisi. Wiki ijayo kwenye orodha wamo watu wanne: wawili wanakwanguliwa kwa mara ya kwanza, mmoja anaingia kutolewa shanga, na wa nne ni fundi ujenzi wa miaka 31 ambaye ameomba mwenyewe mguu ukatwe, amechoka. Mkimtuma mtu, awe wa manunuzi hata asiwe daktari. Tutampa gauni na kofia, atasimama upande wangu wa meza. Simenti ikishakorogwa nitamwachia yeye ahesabu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa thieta,
Kanda ya Ziwa